Kula Kampala bila kula mtaji

KAMPALA, Uganda

MFANYABIASHARA anayeshuka basi la usiku kutoka Nairobi, Kigali au Mutukula huingia Kampala akiwa na hesabu yake kichwani. Nauli anaijua. Ushuru ameshauuliza. Kitanda cha nyumba ya wageni amekipangia, na bei ya mzigo ameambiwa kwa simu kabla hajaondoka nyumbani. Kifungu ambacho wengi hawakiandiki popote ni chakula, na hicho ndicho kinachotafuna mtaji kimyakimya.

Tuchukue safari ya siku nne. Ni milo kumi na miwili. Mtu akilipa shilingi 10,000 za Uganda zaidi ya inavyohitajika katika kila mlo, kwa sababu tu ameingia sehemu ya kwanza yenye viti vya kung'aa na picha za kuku ukutani, amepoteza shilingi 120,000. Kwa mwenye kubadilisha pesa za Kenya, hizo ni shilingi 4,000 na ushei. Kwa anayekuja kuchukua nguo za mitumba, viatu au vipodozi vya kuuza rejareja, hiyo ni faida ya marobota kadhaa, wala hajapata hata shibe ya ziada.

Kampala ni mji ambao mtu anaweza kula vizuri, moto na kwa wingi, kwa pesa ndogo. Lakini una utaratibu wake wa kuuza chakula, na mgeni asiyeujua hulipa ada ya ugeni.

Bei hufuata mchuzi

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba katika mgahawa wa kawaida wa Kampala hununui wali, ugali wala ndizi. Unanunua mchuzi. Kwa Kiganda vitu hivi vina majina mawili tofauti: emmere, yaani chakula chenyewe kinachoshibisha, na enva, yaani kitoweo. Bei iliyoandikwa ubaoni ni ya kitoweo. Maharagwe yana bei yake, karanga za kusaga zina bei yake, nyama ya ng'ombe, samaki na kuku kila kimoja na bei yake. Emmere huja nayo ndani ya bei hiyohiyo.

Ndiyo maana mhudumu anapouliza "chakula gani?" hataki kujua kama unataka nyama au samaki. Anauliza ni emmere ipi akupakulie: matoke, posho, wali, viazi vitamu, muhogo, boga, magimbi au kalo, ule ugali mweusi wa mtama na wimbi. Mgeni kutoka Mombasa au Mwanza, aliyezoea kuagiza "wali maharage", huchagua kimoja na kukaa kimya. Mwenyeji humwambia mhudumu amchanganyie, na sahani hufika ikiwa na aina nne au tano kwa bei ileile.

Kwa kuwa bei hufuata mchuzi, tofauti kati ya mlo wa bei ya chini na wa bei ya juu haiko kwenye wingi wa chakula. Iko kwenye kitoweo tu. Katika miaka ya karibuni sahani ya sokoni imekuwa ikiuzwa kati ya shilingi 4,000 na 10,000 hivi, maharagwe na karanga zikiwa chini kabisa, kuku na samaki mzima wakiwa juu. Anayekula maharagwe anashiba sawa na anayekula kuku. Na katika sehemu nyingi supu ya kuongezea juu ya chakula haina malipo. Ni kuomba tu.

Sehemu za kujipakulia zina sheria yake. Unajaza sahani mara moja, na nyama hupakuliwa na mwenye chakula mwenyewe, vipande kwa hesabu. Anayerudi na sahani kwa mara ya pili hulipa mara ya pili. Ni vyema kuuliza bei kabla ya kukaa, na kuuliza kama maji ya kunywa na chai vimo ndani ya bei hiyo.

Majina nayo huwapoteza wageni. Posho, neno ambalo kwa Mtanzania na Mkenya ni masurufu au mgawo wa chakula, kwa Uganda ndiyo ugali wa mahindi wenyewe. Dodo ni mchicha, wala si embe kubwa kama ajuavyo mtu wa pwani na bara ya Tanzania. Binyebwa ni karanga zilizosagwa na kupikwa kuwa mchuzi mzito wa rangi ya waridi, na ukichanganywa na samaki mkavu ni kitoweo kinachoshindana na nyama yoyote. Mukene ni dagaa. Ngege ni sato. Mputa ni sangara. Byenda ni utumbo, na molokony ni kwato za ng'ombe zilizochemshwa mpaka zikalegea. Muchomo, mtu akisikiliza vizuri, ni nyama choma iliyopewa kiambishi cha huku.

Asubuhi ni ya katogo

Anayeshuka basi saa kumi na mbili asubuhi hana haja ya kungoja mchana. Chakula cha asubuhi cha mji huu ni katogo: ndizi za matoke zilizopikwa pamoja na kitoweo ndani ya sufuria moja, mara nyingi utumbo, mara nyingine maharagwe, karanga au nyama. Wengine hutumia muhogo badala ya ndizi. Madereva wa teksi, kama zinavyoitwa matatu na daladala za huku, wapagazi wa mizigo na wauza maduka huianza siku nayo, na kwa wengi inabeba mpaka alasiri.

Hapa ndipo hesabu ya mfanyabiashara inapokaa sawa. Anayekunywa chai na mandazi mawili atakuwa na njaa saa nne, katikati ya kupatana bei. Anayekula katogo huingia sokoni ameshiba, na mtu aliyeshiba hana haraka ya kukubali bei ya kwanza. Tatizo ni muda. Katogo huisha mapema, na baada ya saa nne au tano asubuhi sufuria nyingi huwa zimeshaoshwa kungoja chakula cha mchana.

Chai nayo iulizwe kwa jina lake. Ukitaka ya maziwa, sema chai ya maziwa. Ukisema chai tu, sehemu nyingine hukuletea ya rangi.

Rolex na kikomando

Kwa asiye na muda wa kukaa, mtaa umemtengenezea rolex. Haina uhusiano na saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yakakunjwa ndani ya chapati, na jina lenyewe limetoka kwenye maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa. Wengi huitaja Wandegeya, mtaa ulio pembeni mwa Chuo Kikuu cha Makerere, kuwa ndiko ilikopata umaarufu, wanafunzi wakiitafuta usiku wakati bweni limefunga jiko. Mwaka 2016 serikali kupitia wizara ya utalii iliitangaza kuwa moja ya vivutio vya nchi, na tamasha la rolex likafanyika Kampala mwaka huohuo.

Rolex ya kawaida ya chapati moja na mayai mawili imekuwa ikiuzwa mitaani kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Bei hupanda kwa kila yai na kila chapati inayoongezwa, kwa hiyo ni vizuri kusema idadi kabla muuzaji hajavunja yai la tatu.

Ndugu yake mdogo ni kikomando: chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharagwe. Hiki ni chakula cha kijana anayetafuta, na mwanamuziki Bobi Wine aliwahi kutoa wimbo wenye jina hilo miaka kadhaa kabla hajaingia bungeni mwaka 2017. Hakuna mlo wa moto unaoshibisha kwa pesa ndogo kuliko huo katikati ya mji.

Jioni hutoka wauzaji wa kandokando ya njia, wanaojulikana kwa jina la toninyira mu kange, yaani "usinikanyagie changu". Jina linaeleza hali yenyewe: sufuria ziko chini, mwanga ni wa kibatari au taa ndogo, watu wanapita, na mwenye chakula anawasihi waangalie miguu yao. Hapo hupatikana samaki wa kukaanga, muhogo, viazi, matoke, na mara nyingine kabalagala, chapati ndogo nene za ndizi mbivu na unga wa muhogo.

Kila mtaa na jiko lake

Mwenye kujua biashara yake anakofanya ndiye hujua pa kula. Katika Kikuubo, kichochoro cha jumla kinachohudumia maduka ya nchi nzima na ya ng'ambo ya mipaka, mtu hana haja ya kutoka. Wanawake hupita asubuhi wakichukua oda duka hadi duka, kisha mchana hurudi na sahani zilizofunikwa, zimepangwa kwenye beseni kichwani. Wenye maduka hula palepale juu ya katoni. Mnunuzi anayekaa dukani kungoja mzigo ufungwe anaweza kuagiza pamoja nao, na aghalabu hulipa bei ileile ya mwenye duka.

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lina sehemu yake ya wapishi ndani kabisa, na huko ndiko wachuuzi wa mitumba hula. Nakasero, soko kongwe la juu kidogo, lina migahawa midogo inayopika kutokana na mboga zilizoshuka kwenye malori asubuhi hiyo. Soko la Wandegeya lina wapishi ghorofani, wenye sifa ya chakula cha kienyeji cha mchana, na barabara zake huwa na kuku wa kuchoma usiku.

Arua Park ni kituo cha mabasi ya Nile Magharibi na ya kuelekea Sudan Kusini na mpaka wa Congo. Vyakula vyake vinatoka kaskazini: malakwang, mboga yenye uchachu iliyopikwa kwa karanga, nyama au samaki mkavu katika mchuzi wa ufuta, na kalo badala ya matoke. Mfanyabiashara wa Juba akifika hapo hujiona kama hajaondoka nyumbani, na Kiswahili husikika meza kwa meza, kikichanganyika na Kiarabu cha Juba na Kilugbara.

Kisenyi, bondeni chini ya Mengo, ni makao ya Wasomali wengi wa Kampala. Wali wa viungo, nyama ya mbuzi, tambi na canjeero hupakuliwa kwenye sahani kubwa, na ndizi mbivu huwekwa pembeni iliwe pamoja na wali. Sahani moja huweza kuliwa na watu wawili, na nyama ni halali, jambo ambalo kwa msafiri Mwislamu humaliza maswali. Kabalagala na Kansanga, upande wa kusini mwa mji, kuna injera ya Waethiopia na Waeritrea. Nsambya na Makindye, ambako Wakongo wengi wameishi kwa miaka, mtu hupata sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo uitwao fufu.

Ukiitazama ramani hiyo, utaona kwamba meza zimewatangulia wanasiasa. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Wapishi wa Arua Park, Nsambya na Kisenyi walikuwa wamekwisha kuwalisha watu wa nchi hizo muda mrefu kabla ya bendera kupandishwa Arusha.

Mpaka uliomo ndani ya sahani

Msafirishaji wa nafaka anajua kwamba sahani ya Kampala haikutoka Uganda peke yake. Matoke hutoka magharibi, Mbarara, Isingiro na Bushenyi. Samaki ni wa Ziwa Victoria, ambalo ni la nchi tatu. Lakini mchele mwingi unaoliwa mjini huvuka Mutukula kutoka Tanzania, na vitunguu vyekundu vya Tanzania vimezoeleka katika masoko ya hapa. Ngano ya chapati huagizwa ng'ambo na kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtikisiko wa mpakani hufika mezani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti ya usajili wa waagizaji na vyeti vya ubora, lakini malori yalikuwa yameshakwama na wakulima wa Uganda wameshapata hofu ya mahindi kuoza. Katika kipindi cha namna hiyo posho huweza kushuka bei Kampala huku ugali ukipanda Nairobi. Mpaka wa Katuna na Gatuna kati ya Uganda na Rwanda, uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, ulikata njia ya vyakula ambavyo wananchi wa pande zote mbili walikuwa wamezoea kuuziana.

Pigo la 2022 lilitoka mbali zaidi. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na mafuta ya kula duniani, na wa kwanza kuumia Kampala alikuwa muuza chapati. Alikuwa na njia mbili: kupandisha bei na kupoteza wateja, au kuipunguza chapati. Wengi walifanya vyote viwili. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka huo Rais Yoweri Museveni aliwashauri wananchi wale muhogo kama mkate umewashinda bei. Maneno yale yalizua kejeli nyingi mitandaoni, lakini kwenye migahawa midogo ushauri huo ulikuwa umeshatekelezwa bila amri ya mtu: sehemu ya muhogo na viazi kwenye sahani ilikuwa imeongezeka, na chapati ikawa kitu cha kuombwa.

Kwa mfanyabiashara somo ni la moja kwa moja. Kabla ya safari, ulizia bei ya vyakula kama unavyoulizia bei ya mzigo. Mwaka ambao ngano iko juu, rolex si akiba tena, na sahani ya maharagwe na matoke huwa nafuu zaidi kwa kila tonge.

Afya ni sehemu ya hesabu

Unafuu unaomlaza mtu hospitalini si unafuu. Mapema mwaka 2015 Kampala ilipatwa na mlipuko wa homa ya matumbo, na wagonjwa walifikia maelfu. Kitovu kilikuwa katikati ya mji, kwenye vituo vya mabasi, masoko na maeneo kama Kisenyi, yaani palepale wafanyabiashara wanapolala na kula. Uchunguzi uliofanywa ulielekeza kidole kwenye maji machafu ya kunywa na juisi za mitaani, wala si kwenye sufuria zinazochemka.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mlaji. Katogo inayotokota, maharagwe yanayochemka na chapati inayotoka kwenye kikaango mbele ya macho yako ni salama kuliko juisi baridi iliyofungwa mfukoni, maji ya kopo lisilojulikana au kachumbari iliyokaa tangu asubuhi. Angalia kama kuna maji ya kunawa na sabuni. Angalia sahani zinasuuzwa kwenye maji gani. Angalia pia foleni: sehemu yenye wateja wengi hupika upya mara kwa mara, na chakula hakipati muda wa kulala.

Karanga zinahitaji jicho. Sumukuvu iliyosababisha zuio la mahindi hupatikana pia kwenye karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu, na haiondoki kwa kuchemshwa. Mchuzi wa karanga ukiwa mchungu au una harufu ya ukungu, uachwe.

Wapishi wasio na uhakika wa kesho

Chakula hiki ni nafuu kwa sababu mwenye kukipika halipi pango kubwa, na mara nyingine halipi kabisa. Hapo ndipo palipo mgogoro. Januari 2022 Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, iliwaondoa wachuuzi barabarani na kwenye vibaraza vya maduka, ikisema inarudisha utaratibu wa mji na kuwataka waende kwenye masoko yaliyotengwa. Wauza chakula walikuwamo. Baadhi walipata nafasi masokoni, baadhi waliingia vichochoroni, na baadhi walirudi palepale jua lilipotua.

Hoja za mamlaka zina uzito. Njia za waenda kwa miguu zilikuwa hazipitiki, moto wa makaa karibu na nguo na katoni ni hatari, na wenye maduka wanaolipa kodi walilalamika kuwa milango yao imezibwa. Lakini mpishi anayeingia sokoni analipia meza, ulinzi na usafi, na gharama hiyo itaonekana kwenye bei ya maharagwe. Mteja wa kwanza kuilipa ni mpagazi na mnunuzi wa mbali.

Uzoefu wa janga la korona ulionyesha ni nani anayeubeba mji. Machi 2020, shughuli zilipofungwa, wauza vyakula wa masokoni waliruhusiwa kuendelea kwa sharti la kutorudi nyumbani kwa siku 14. Wanawake wengi walilala sokoni chini ya vyandarua, kando ya bidhaa zao, ili mji ule. Ni watu walewale ambao katika siku za kawaida huambiwa wanachafua mandhari.

Wengi wao hawana mkopo wa benki. Mtaji wao huzunguka kwa siku: makaa na ndizi hununuliwa alfajiri, pesa hurudi saa tisa alasiri, na sehemu huwekwa kwenye chama cha kupeana zamu. Ndiyo sababu mteja anayekula kwa deni na kupanda basi bila kulipa hakuiba sahani moja. Amevunja safari ya sufuria ya kesho.

Malipo yenyewe yafikiriwe mapema. Pesa za simu hupokewa karibu kila mahali, lakini Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 mtu anapotoa pesa kwa wakala, juu ya ada ya mtandao. Anayetoa kidogokidogo kila mlo hulipa ada mara nyingi. Ni nafuu kutoa za siku nzima kwa mara moja, au kubadilisha fedha za kutosha mjini badala ya kulipa kwa noti ya kigeni na kurudishiwa chenji kwa kiwango alichokitunga muuzaji. Noti ndogo ndizo zinazopendwa. Shilingi 50,000 kwa kikomando asubuhi na mapema ni kumtafutia mwenzako adha.

Meza kama soko la habari

Kuna faida ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kwenye benchi la mgahawa wa Arua Park au Kikuubo, mtu hukaa bega kwa bega na anayetoka Goma, Busia, Bujumbura na Juba. Hapo ndipo habari hupatikana kabla hazijafika gazetini: lori gani limekwama Malaba, dola imelala kwa ngapi, duka gani limepokea kontena, ni afisa wa zamu gani anayeelewa utaratibu rahisi wa biashara ndogo za mpakani, ule unaowasaidia wenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000. Anayekula peke yake kwenye ukumbi wenye kiyoyozi hupata kuku na ukimya.

Lugha ya meza hizo ni Kiswahili na Kiganda vikisaidiana. Kiswahili kilikuwa na sura ngumu Kampala, kwa kuwa wengi walikisikia kwanza kwa askari wenye bunduki vizuizini. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wake, lakini kwenye chakula mambo hayajangoja mtaala. Muuzaji anayetaka mteja wa Mwanza hujifunza kuhesabu kwa Kiswahili wiki moja.

Mgeni naye akijifunza maneno matano, hupunguziwa bei na kuongezewa supu. Mwanamume huitwa ssebo, mwanamke nnyabo, na salamu hutangulia swali lolote. "Mulina nva ki?" ni kuuliza kuna vitoweo gani. "Ssente mmeka?" ni kuuliza bei, na iulizwe kabla ya tonge la kwanza. Sahani ikiisha, mpishi hushukuriwa kwa "ofumbye nnyo, nnyabo", yaani umepika kweli.

Maneno hayo hayana ushuru. Mfanyabiashara atakayerudi baada ya wiki mbili atakuta anakumbukwa, kiti kimevutwa, na sufuria imebakishiwa kipande cha nyama ambacho bei yake haikuandikwa ubaoni.